Ditoksi ya Masaku: Kabla Ununue Hiyo Chupa, Uliza Ni Sumu Gani

Kama umewahi kushuka mathree Machakos, na hapa sibongi kuhusu Machakos Country Bus ya Nairobi, nabonga Masaku yenyewe chini ya vilima vya Iveti, basi unamjua huyu jamaa. Amevaa koti nyeupe ya daktari, imechoka kwa kola. Ana spika ya kuchaji na meza ya mbao. Juu ya meza amepanga chupa za soda zilizotumika, sasa zimejaa kitu cha rangi ya strungi.

Spika haipumziki. "Unaamka ukiwa umechoka? Mgongo inauma? Tumbo inajaa gesi? Chunusi haziishi? Mkojo uko njano? Baba, nguvu imepungua? Mama, kizazi kimeshika uchafu? Hiyo yote ni sumu! Mwili umejaa sumu! Osha damu, osha figo, osha ini! Chupa ni soo tatu, mbili ni soo tano!"

Na usidhani hii ni stori ya steji pekee. Toa spika, weka simu na taa kali. Toa chupa ya soda, weka pakiti safi yenye picha ya dem mwenye kiuno ya nyigu. Sasa uko TikTok: chai ya siku 14, vidonge vya mkaa, unga wa kijani wa kuweka kwa maji ya ndimu. Bei imeruka hadi thao mbili, tatu, na unaletewa hadi kwa mlango. Lakini sikiza maneno vizuri. Ni yale yale ya steji.

Mimi sicheki mtu, juu mimi mwenyewe nilinunua. Ilikuwa Januari, mwili umechoka na nyama choma na pombe za Desemba, nikajiambia wacha nianze mwaka nikiwa safi. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Siku ya pili nikapanda mathree ya kwenda Nairobi. Tulipofika Kyumbi, tumbo ikaanza kubonga. Tulipofika Mlolongo, jam imesimama, tumbo ilikuwa inapiga mayowe. Wacha niishie hapo. Konda wa hiyo gari alinisaidia sana na Mungu ambariki.

Niliendesha siku mbili. Miguu ilikuwa inatetemeka, midomo imekauka, moyo unadunda vibaya. Nikapigia namba iliyoandikwa kwa chupa. Jamaa akanijibu akiwa ametulia kabisa: "Hiyo ndiyo sumu inatoka, buda. Ongeza kikombe."

DAWA ISIYOWEZA KUSHINDWA

Hebu tulia na hilo jibu kidogo, juu ndani yake ndiyo kuna biashara yote.

Ukinywa na ujiskie fiti, dawa imefanya. Ukinywa na ugonjeke, sumu inatoka. Ukinywa na usiskie kitu, sumu yako ni nyingi, chukua chupa ya pili. Hakuna siku dawa itakosea. Panadol ikikosa kutuliza kichwa, unajua imekataa. Hii haiwezi kukataa, juu hakuna mtu alikwambia inapambana na nini.

Kwa hivyo swali langu leo ni moja tu, na nataka ulibebe kila mahali: sumu gani? Inaitwaje? Iliingia mwilini kupitia wapi? Ilipimwa na nani, na baada ya chupa mbili imebaki ngapi?

Madaktari wana ditoksi za ukweli, na zote huanza na jina. Mtu akinywa pombe iliyotiwa methanoli, kuna dawa maalum ya kuzuia hiyo methanoli isimharibu macho na ubongo. Mtoto akipatikana na risasi nyingi kwa damu, risasi ile madini, kuna dawa ya kuishika na kuitoa kwa mkojo. Hapa Kenya hiyo si stori ya vitabu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu walikula risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Damu ilipimwa, Phyllis Omido akapigana, na mwaka wa 2020 korti ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi haikuwa ya "sumu" hivi hivi. Ilikuwa ya madini yenye jina, yaliyopimwa, na mtu wa kulaumiwa akajulikana.

MITUNGI TISA KWA SIKU

Sasa tuingie ndani ya mwili. Si eti mwili hauna taka. Iko, na kila siku. Lakini ulizaliwa na wafanyakazi wa kuitoa.

Figo zako mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwa damu kila siku. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20. Punda wa Ukambani hubeba minne, kwa hivyo ni punda wawili na mtungi mmoja wa ziada, kila siku, ukiwa umelala ama uko kazi. Halafu figo zinarudisha karibu maji yote kwa damu, na unakojoa kama lita moja na nusu hivi. Mkojo kuwa njano asubuhi ni figo kushika maji. Kunywa maji, utakuwa mweupe kufikia lanchi, bila soo tatu.

Ini nalo, lenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, linashughulika na pombe, dawa na chakula chako chote, linavunjavunja na kutuma nje kwa nyongo na mkojo. Halijazi uchafu kama chujio la gari hadi upeleke kwa mekanika. Likiumia, halioshwi. Linapumzishwa kutoka kwa kile kinachoumiza, na lingine hujirekebisha lenyewe.

Wasee wanaoenda ditoksi baada ya Desemba hupata nafuu, na siwezi kukataa. Lakini angalia vizuri masharti ya kwa lebo: usinywe pombe, usile mafuta mengi, kunywa maji mingi, lala mapema. Toa chupa, bakisha masharti. Utapata nafuu ile ile.

KWA NINI UNAONA INAFANYA

Wauzaji wako na mbinu nne, na zote zinaingiza mtu boksi juu unajionea na macho yako.

Ya kwanza ni kuendesha. Chai nyingi za kupunguza tumbo zina senna, na chupa nyingi za steji zina utomvu wa kiluma, ile aloe ya porini. Zote mbili huchokoza utumbo mpana. Unatoka choo mara sita, unapanda mizani, umepunguza kilo mbili. Lakini nguvu ya chakula huingia mwilini kwa utumbo mwembamba, kabla chakula hakijafika huko chini. Kilichotoka ni maji na mavi. Mafuta ya tumbo yako pale pale, na kilo zinarudi ukinywa maji.

Ya pili ni "mawe ya ini". Unaambiwa ukunywe mafuta ya zeituni na maji ya ndimu usiku, asubuhi unatoa vitu vya kijani kama kokoto laini. Unapiga picha, unatuma kwa grupu. Maabara iliwahi kupima vitu kama hivyo na haikupata mawe ya nyongo. Ilipata sabuni. Mafuta uliyokunywa yameganda huko tumboni.

Ya tatu ni beseni la miguu lenye umeme, maji yanageuka kahawia "sumu ikitoka kwa nyayo". Weka beseni bila miguu uone. Maji yatageuka tu, juu ni kutu ya vile vyuma.

Ya nne ni ile chungu zaidi: kuna dawa imefichwa ndani. Marekani, shirika linalosimamia dawa limenasa kahawa na chai nyingi za kupunguza uzito, zimeandikwa ni asili tupu, kumbe zina sibutramini. Hiyo ni dawa iliyotolewa sokoni huko 2010 juu ya hatari kwa moyo na mishipa ya ubongo. Kwa hivyo chai ikikukatia njaa kabisa na moyo uende mbio, usisifu majani haraka.

MADHARA SI YA KUCHEKESHA

Stori yangu ya Mlolongo unaeza kucheka, hata mimi nacheka sasa. Lakini kuendesha kwa siku nyingi kunatoa potasiamu, na moyo hutegemea hiyo potasiamu kupiga vizuri. Ukitumia chai hizo mwezi baada ya mwezi, utumbo unaeza kuzoea hadi ukatae kufanya kazi vizuri bila kuchokozwa.

Kama uko kwa kidonge cha kupanga uzazi na umeendesha vibaya siku nzima, kidonge hicho usikitegemee. Vidonge vya mkaa navyo havichagui: mkaa hushika "sumu" na hushika pia dawa ya presha, ya kifafa ama ARV uliyomeza saa hiyo hiyo, vyote vinaishia choo. Wauzaji wachache sana hukuuliza uko kwa dawa gani.

Kuna kisa cha Brussels, Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanawake walienda kliniki ya kupunguza uzito wakapewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mahali fulani njiani mmea mmoja ulichanganywa na mwingine wenye jina linalofanana, aina ya Aristolochia. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Wengine wakaishia kwa mashine ya kusafisha damu na kubadilishiwa figo, na baadaye wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo ilikuwa kliniki safi, Ulaya, na madaktari walikuwepo. Mimea ilikuwa asili kabisa. Hakuna aliyeipima kabla iingie midomoni mwa watu.

Lakini madhara makubwa zaidi hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni muda. Neno "uchafu" linaficha magonjwa yenye majina. Kijana anaskia moto akikojoa, anaambiwa ni uchafu, ananunua chupa. Hiyo inaweza kuwa kisonono, na kisonono ina matibabu. Dem anatokwa na maji yasiyo ya kawaida na anaumwa chini ya kitovu, anaambiwa kizazi ni kichafu, anauziwa vitu vya kuingiza. Vinamchokoza zaidi, na ugonjwa unapanda hadi kwa mirija. Miaka mitano baadaye anatafuta mtoto na hapati. Chupa haikumuua. Ilimchelewesha tu.

Na kuna soko la chini ya maji: wasee wanaouziwa ditoksi ya kupita vipimo vya kazi. Mabaki ya bangi hukaa kwa mafuta ya mwili, na kwa mtu wa kila siku yanaeza kuonekana kwa mkojo wiki kadhaa. Ukijijaza maji hadi mkojo uwe kama mvua, maabara huona umeyeyushwa na utaitishwa mwingine. Umepoteza thao na bado haujapita.

MUKAWA WA SUSU

Najua vile utaniambia. "Wewe umekaliwa na mzungu. Susu wangu alitibu watu na miti shamba na waliishi miaka 90."

Tulia, hatuko pande tofauti. Ukambani ni nchi ya watu wanaojua miti. Susu aliyeishi Kathiani ama Masii alijua mti gani ni wa tumbo, upi ni wa kifua, na upi hata mbuzi hagusi. Zaidi ya yote, alimjua mgonjwa. Alijua ni mtoto wa nani, amekula nini, na kesho angepita kuona anaendelea aje. Mwanamume wa spika kesho ako Tala, keshokutwa Matuu.

Kumbuka Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Samunge huko Tanzania, alikuwa anatoa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania, na watu wanaamini kinaponya kisukari, saratani, hadi Ukimwi. Wakenya walikodi mathree na ndege. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na vyombo vya habari viliripoti zaidi ya watu 50 waliofia njiani na kwa foleni, wengine wametolewa hospitali ili wapelekwe huko. Madaktari wakawa wanabembeleza watu wasiache ARV.

Mti wenyewe ulikuwa upi? Babu aliuita mugariga. Wanasayansi huuita Carissa. Wakamba huuita mukawa, ule wa miiba, wenye matunda madogo meusi matamu uliyokuwa unachuma ukitoka shule. Watu waliuza ng'ombe kwenda mbali kufuata mti ulioota nyuma ya choo cha susu.

Na sababu za kununua chupa ni za kweli. Hosi kuna foleni. Kuongea na nesi kuhusu huko chini, na pengine nesi ni jirani ya mathe wako, ni aibu kubwa. SHA ilianza Oktoba 2024, na mtu wa jua kali asiye na mshahara wa kudumu bado anajikuna kichwa akiambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mwanamume wa spika hakuulizi kitambulisho. Anakuita "bosi". Ukitaka kumshinda, kwanza kubali kwamba anawahudumia watu vizuri kuliko madirisha mengi ya hosi.

MASAKU INAJUA SUMU YA UKWELI

Hapa ndipo naona uchungu. Kama kuna mahali Kenya hawafai kudanganywa kuhusu sumu, ni hapa.

Mwaka wa 1981, watu 20 walilazwa hospitali katika wilaya ya Machakos wakiwa na ini lililoharibika ghafla. Macho ya njano, tumbo limevimba. 12 wakafa. Kabla yao, njiwa walikuwa wameanza kufa, halafu mbwa. Madaktari walifuata hadi kwa maboma na kupima mahindi. Jibu likawa aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Boma moja lilikuwa na miligramu 12 kwa kilo. Kiwango cha Kenya siku hizi kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo. Piga hesabu: zaidi ya mara elfu moja.

2004 ikarudi, mbaya zaidi. Makueni na Kitui ziliumia sana, na Machakos na Thika zikaguswa. Kufikia Julai visa 317 vilikuwa vimeandikwa, na watu 125 wamekufa. Ilikuwa njaa, watu walikula walichokuwa nacho. Kupika ugali hakuondoi hiyo sumu, na kitheri kilichochemka saa tano bado kinaua.

Ni nini kiliokoa waliobaki? Hakuna chai iliyosafisha ini la mtu. Mahindi mabaya yaliondolewa, mazuri yakaletwa. Ukikata kile kinachoingia, ini lenye uhai bado lina nafasi.

Na aflatoksini haijaenda. Novemba 2019 KEBS ilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi juu ya hiyo hiyo sumu. Ikiingia kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini, na kwa mtu mwenye hepatitisi B hatari inaongezeka sana. Kwa hivyo uko na msee ananunua "ditoksi ya ini" ya thao mbili, na jioni anakula ugali wa posho mili, mahindi ambayo hajui yalikaushwa wapi. Anaosha kikombe na huku mtungi ndio una chura.

Unataka kujua ditoksi halisi ya Masaku iko wapi? Iko Katumani, nje kidogo ya town. Kituo cha KALRO pale kina kiwanda cha Aflasafe. Wanasayansi walitafuta kuvu ya hapa Kenya ya jamii ile ile, lakini isiyotoa sumu. Wanaipaka kwa mbegu za mtama zilizouawa zisiote, na mkulima anazirusha shambani wiki mbili tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu mzuri anakalia nafasi, yule wa sumu anakosa pa kuishi. Hakuna mtu anakunywa chochote. Sumu inazuiwa kabla iingie kwa gunia.

Hiyo ndiyo tofauti. Walijua jina la adui.

MTI UKIPELEKWA SHULE

Mimea nayo ina heshima yake ikipelekwa shule. Dawa ya malaria unayopewa zahanati leo, ile ya AL, ina artemeta, ambayo asili yake ni mmea wa artemisia, mti shamba wa Wachina tangu zamani. Tu Youyou alichambua kemikali iliyo ndani na 2015 akapewa Nobel. Na kaunti hii hii, pale EPZ Athi River, miaka ya 2000 kulikuwa na kiwanda cha kukamua artemisinini kutoka majani yaliyolimwa Afrika Mashariki. Majani yanaingia upande mmoja, poda iliyopimwa inatoka upande ule mwingine.

Kwa sheria ya Kenya, dawa za miti shamba zinazouzwa kama dawa zinafaa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, wale tunawaita PPB. Sheria ya Afya ya 2017 nayo ilisema Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kusimamia matabibu wa tiba asili. Majirani zetu Tanzania wana sheria yao tangu 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sisi ahadi imekaa kwa karatasi. Aliyeumia hapo si mnunuzi pekee. Ni pia yule mzee wa Mwala anayejua kazi yake kwa ukweli na hana cheti cha kumtofautisha na tapeli wa spika.

Wala usidhani dawa ya famasia ni malaika. Gambia, 2022, karibu watoto 70 walikufa figo zikiwa zimekatika, na WHO ikataja dawa za kikohozi kutoka India zilizokutwa na kemikali ya sumu. Pakiti zilikuwa safi. Kilichokosekana ni kile kile: mtu wa kupima kabla mtoto hajakunywa.

MASWALI YA KUBEBA STEJI

Sikukatazi kunywa majani. Tangawizi, ndimu, mlonge kwa mboga, endelea. Lakini mtu akikwambia chupa yake inatoa sumu, muulize haya, na umuulize kwa heshima:

Sumu gani? Akisema "zote", weka doh mfukoni.

Ndani kuna nini, na ni kiasi gani? "Siri ya babu" si jibu. Siri ya babu haitamsaidia daktari ukifika kasualti.

Namba ya usajili ya PPB iko wapi? Kibali cha kaunti cha kufanya biashara si ushahidi kwamba dawa ilipimwa.

Nani hafai kuitumia? Dawa inayofaa mjamzito, mzee wa presha na mtoto wa darasa la pili, ni maji.

Nikigonjeka nakupata wapi? Akikupa namba pekee, kumbuka ile yangu.

Na kama macho yamegeuka njano, mkojo uko rangi ya Coca-Cola, miguu imevimba, ama kuna moto ukikojoa, hapo hakuna cha kuosha. Enda zahanati. Machakos Level 5 iko hapo tu mjini. Ukiwa umekunywa chupa, beba hiyo chupa umwonyeshe daktari, usione haya.

Juzi nilirudi steji. Jamaa alikuwepo, spika ile ile. Nikangoja apumzike, nikamuuliza: "Boss, hii inatoa sumu gani?" Akashusha maiki, akaniangalia kama mtu ameulizwa jina la mamake. "Sumu ni sumu, kijana. We hujui sumu?"

Kando yangu kulikuwa na chali wa kama miaka 20, rifleksa ya boda bado amevaa. Alikuwa amemnong'onezea jamaa shida yake mbele yangu, na nilikuwa nimeskia neno moja: moto. Nikamvuta kando nikamwambia hiyo inatibiwa, na ni vizuri aende na mresh wake juu akitibiwa peke yake itarudi. Hakunijibu. Spika ikaanza tena.

Nilimwacha hapo, simu mkononi, M-Pesa imefunguliwa, PIN bado hajaweka.